Wimbo kwa Waliosahauliwa

Kila taifa lina namna yake ya kuwakumbuka watu wake. Wakubwa hujengewa sanamu na kuandikiwa vitabu. Wadogo huachiwa kumbukumbu ya jamaa zao, na jamaa wakifa kumbukumbu hufa pamoja nao. Kati ya sanamu na usahaulifu iko njia ya tatu, nayo ni wimbo. Wimbo hauhitaji jiwe wala shaba. Huhitaji pumzi tu, na pumzi hata maskini anayo. Watu waliolelewa kwa tenzi na mashairi hawana haja ya kuthibitishiwa jambo hili, maana wanajua kuwa vita vingi na mashujaa wengi wangalisahauliwa kama wasingalighaniwa. Kwa sababu hiyo mchezo wa nyimbo, ambao wengi huudhani kuwa ni pumbao la watu walioshiba, unastahili kutazamwa kwa jicho la uanachuoni.

Mchezo wa nyimbo ni mchezo wa kuigiza ambao watu wake husema mpaka maneno yakawashinda, kisha huimba. Katika mchezo mwema wimbo huingia pale moyo unapojaa kupita kiasi cha usemi, na wimbo huo ukitolewa hadithi huchechemea. Waingereza walipata sifa kubwa katika sanaa hii katika miaka ya 1980. Les Misérables, uliotokana na riwaya ya Mfaransa Victor Hugo, ulifunguliwa London kwa Kiingereza mwaka 1985, na The Phantom of the Opera wa Andrew Lloyd Webber ukafuata mwaka 1986. Michezo hiyo miwili ilizunguka dunia. Ilikuwa mikubwa kwa kila kipimo: waigizaji wengi, wapiga ala wengi, mitambo ya ajabu, na katika ule wa pili taa kubwa ya vioo huporomoka mbele ya watazamaji.

Walakini ukubwa una gharama yake. Mchezo uliomeza fedha nyingi hauna budi kurudisha fedha nyingi, na mwenye kuogopa hasara hapendi jambo asilolijua. Kwa hiyo majumba mengi ya London yalijaa michezo ya zamani isiyoondoka, nyimbo za waimbaji waliokwisha kupendwa, na hadithi zilizochukuliwa kutoka sinema ambazo kila mtu alikwisha kuziona. Chini ya mti mkubwa mche hukosa jua.

Ajabu ni kwamba miche ilikua. Tangu mwaka 2017 hivi, michezo iliyoanzia mbali na majumba ya fahari, ama katika vyumba vidogo ama katika miji ya pembeni, ilipanda ngazi moja moja mpaka ikafika katikati ya London, na baadhi yake ikavuka bahari. Mitatu kati ya hiyo ndiyo inayostahili kuitwa vipenzi vya zama hizi: Six, Operation Mincemeat na Standing at the Sky's Edge. Mmoja ni wa malkia, mmoja ni wa majasusi, mmoja ni wa wapangaji. Kwa sura haifanani hata kidogo. Kwa moyo ni ndugu, maana kila mmoja huuliza swali lile lile: nani aliyeachwa nje ya habari, na nani atakayemlipa deni lake?

Six uliandikwa na Toby Marlow na Lucy Moss walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Wazo lake lilimjia Marlow akiwa katika somo la ushairi, jambo litakalowafurahisha walimu wa somo hilo na labda kuwatia mashaka pia. Mwaka 2017 wanafunzi waliucheza katika tamasha la Edinburgh. Mwaka 2019 ulikuwa London. Na jioni ya tarehe 12 Machi 2020 ulikuwa ufunguliwe rasmi New York. Siku hiyo hiyo majumba yote ya Broadway yalifungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, saa chache tu kabla ya mchezo kuanza. Ulifunguliwa Oktoba 2021, na mwaka uliofuata nyimbo zake zikapata tuzo ya Tony.

Habari yake ni ya wake sita wa Mfalme Henry wa Nane. Watoto wa Uingereza hufundishwa kuwakumbuka kwa kibwagizo kifupi ambacho hakiwataji majina. Hutaja tu jinsi ndoa ya kila mmoja ilivyokwisha, kwa talaka, kwa kukatwa kichwa, au kwa kifo. Wanawake sita wamegeuzwa kuwa orodha ya mambo yaliyompata mwanamume mmoja. Katika mchezo huu hurudi wakiwa waimbaji wa siku hizi, vipaza sauti mikononi, pamoja na wapiga ala wanne ambao nao ni wanawake. Hushindana, na sharti la mashindano ni la kutisha: aliyeteswa zaidi na mfalme ndiye atakayeliongoza kundi. Mfalme mwenyewe haonekani kabisa. Catherine wa Aragon hudai miaka yake zaidi ya 20 ya ndoa. Anne Boleyn, aliyeuawa mwaka 1536, hufanya mzaha. Jane Seymour humlilia mtoto aliyemwacha akiwa mchanga. Anna wa Cleves, aliyekataliwa kwa kuwa eti hakufanana na picha yake iliyochorwa na Hans Holbein, hujisifu kwa utajiri alioupata baada ya kuachwa.

Zamu ya Katherine Howard ndiyo kilele. Wimbo wake huanza kwa madaha, na mtazamaji hutikisa kichwa akiufuata mdundo. Kila ubeti huleta mwanamume mwingine, wa kwanza akiwa mwalimu wake wa muziki alipokuwa mtoto, na kiitikio hurudi baada ya kila mmoja. Kila kinaporudi kimezidi uchungu, mpaka mtazamaji atambue kwamba kwa dakika kadhaa amekuwa akifurahia habari ya msichana aliyeharibiwa na watu wazima. Msichana huyo alikatwa kichwa mwaka 1542. Kiitikio hakikubadilika sana. Kilichogeuka ni sikio la msikilizaji. Mwanafunzi wa ushairi anayetaka kujua kiitikio kina kazi gani zaidi ya kupamba, hatapata somo fupi zaidi kuliko hili.

Kisha Catherine Parr hukataa kushindana. Huyu alikuwa mwandishi. Mwaka 1545 alichapisha kitabu cha sala kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke wa Uingereza wa wakati ule. Huwaonyesha wenzake kwamba mashindano yao ni kifungo, kwa kuwa huwapima wote kwa kipimo cha mume. Mwishoni wote sita hujitungia maisha mengine ambayo hawakuyaishi. Hapo pana ushujaa na pana udhaifu. Wimbo hauwezi kumfufua mtu wala kuirudisha shingo iliyokatwa. Walakini malkia hao hawajidanganyi. Hukiri mbele ya watazamaji kwamba wanaota, na kwamba wana dakika chache tu za kuota. Ndoto inayojijua kuwa ni ndoto si uongo.

Operation Mincemeat ulianza kwa unyonge zaidi. Waandishi wake ni wanne, David Cumming, Felix Hagan, Natasha Hodgson na Zoë Roberts, wanaojiita SpitLip. Mwaka 2019 waliucheza katika chumba cha viti 80 katika jumba la New Diorama. Walipunguza, wakaongeza, wakaandika upya, wakahamia jumba moja baada ya jingine, mpaka mwaka 2023 wakafika katika jumba la Fortune katikati ya London. Mwaka 2024 mchezo ulipata tuzo ya Olivier ya mchezo mpya wa nyimbo ulio bora, na mwaka 2025 ukafunguliwa New York. Waigizaji ni watano tu, nao huigiza watu wote, wanawake wakivaa suruali za makamanda na wanaume wakiwa makarani wa kike. Kofia ikibadilishwa mtu amekuwa mtu mwingine. Umaskini wa mwanzo ulizaa ustadi, na ustadi ukabaki hata fedha zilipokuja.

Hadithi yake ni ya kweli, na ni ya ajabu kupita hadithi za kubuni. Mwaka 1943 Waingereza na wenzao walitaka kushuka katika kisiwa cha Sicily, na walitaka Wajerumani waamini kuwa wangeshuka Ugiriki na Sardinia. Maofisa wa ujasusi, miongoni mwao Ewen Montagu na Charles Cholmondeley, waliitafuta maiti, wakaivika sare ya ofisa, wakaipa jina la Meja William Martin, na kuifunga mkoba wenye barua za uongo. Mfukoni waliitia picha na barua za mchumba ambaye hakuwapo duniani. Nyambizi iliiachia maiti hiyo baharini karibu na mji wa Huelva katika Hispania. Barua zilifika machoni mwa Wajerumani, nao wakasadiki. Julai 1943 majeshi yalishuka Sicily.

Mchezo huu huchekesha mno, na kicheko chake kina meno. Huwacheka vijana wa ukoo bora waliozaliwa kuamini kwamba kila mlango ni wao, ambao hawajapata kamwe kujiuliza kama wana haki. Wimbo ulio mzuri kupita zote, uitwao Dear Bill, hauimbwi na yeyote kati yao. Huimbwa na Hester Leggatt, karani mtu mzima, anayeombwa kusaidia kutunga barua ya mapenzi ya mchumba wa uongo. Hueleza mambo madogo ya nyumbani, mambo yasiyo na maana kwa yeyote ila kwa anayependwa. Na polepole mtazamaji hufahamu kwamba barua ile ya uongo imetoka katika msiba wa kweli wa mwandishi wake. Jak Malone, mwanamume aliyemwigiza Hester bila dhihaka hata chembe, alipata tuzo ya Olivier mwaka 2024 na ya Tony mwaka 2025. Fundisho la uandishi liko hapo wazi: uongo uliofanikiwa ulisimama juu ya kweli ya mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza habari zake.

Na ile maiti? Ilikuwa ya Glyndwr Michael, mtu wa Wales, maskini asiye na makao, aliyekufa London Januari 1943 kwa sumu ya panya. Montagu alipoandika kitabu chake mwaka 1953 alilificha jina hilo, na filamu iliyofuata mwaka 1956 haikulitaja. Alizikwa Huelva kwa heshima za kijeshi chini ya jina la mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Jina lake lilijulikana mwaka 1996 kwa juhudi za mtafiti wa kujitolea, kisha likaongezwa kaburini. Mtu aliyekosa kitanda katika uhai wake alisaidia kuokoa maelfu ya watu baada ya kufa kwake, bila kuombwa ruhusa. Hapo ndipo mchezo ungaliweza kuanguka. Kumcheka maiti ni dhambi katika kila nchi. Waandishi waliliona shimo hilo, na katika mwisho wa mchezo, baada ya fahari na vimulimuli, jina la Glyndwr Michael hutajwa, na kicheko hukatika. Watazamaji walioyasahau makosa yao pamoja na ya majasusi hujikuta wamekuwa mashahidi.

Deni likishaonyeshwa, wako watakaolilipa. Wapenzi wa mchezo huu waliingia katika nyaraka za kale kumtafuta Hester wa kweli. Walipata kwamba hata tahajia ya jina lake ilikuwa ikikosewa vitabuni, wakaisahihisha, na mwaka 2023 kibao cha kumkumbuka kikawekwa katika jumba la Fortune. Utafiti wa nyaraka ni kazi ya wanachuoni. Safari hii ulifanywa na watu walionunua tikiti.

Standing at the Sky's Edge unatoka Sheffield, mji wa chuma cha pua. Juu ya stesheni ya reli ya mji huo liko jengo la Park Hill, lililofunguliwa mwaka 1961, kubwa kama kilima, lenye barabara za hewani zilizotosha kupita mikokoteni ya maziwa. Lilijengwa na halmashauri ya mji kwa ajili ya watu waliotoka katika nyumba chakavu. Kwanza lilikuwa ahadi; baadaye, viwanda vilipofungwa na matengenezo yakakoma, likawa jina la kutishia watoto. Mwaka 1998 liliwekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, kisha likaanza kukarabatiwa na nyumba zake nyingi kuuzwa kwa wenye uwezo. Mchezo uliandikwa na Chris Bush, kwa nyimbo za Richard Hawley, mwana wa Sheffield. Ulichezwa mara ya kwanza katika jumba la Crucible la mji huo mwaka 2019, ukafika jumba la Taifa la London mwaka 2023, na mwaka huo huo ukapata tuzo ya Olivier.

Bush alifanya jambo jepesi kulisema na gumu kulitenda. Alichukua nyumba moja ya jengo hilo akaweka ndani yake familia tatu za zama tatu, zote kwa pamoja jukwaani. Rose na Harry, mfanyakazi wa chuma, hupokea funguo mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiwa na furaha ya kupata bafu lao wenyewe. Joy, msichana wa Liberia, huletwa hapo mwaka 1989 na jamaa zake wanaokimbia vita. Poppy, mwanamke wa London mwenye moyo uliovunjika, huinunua mwaka 2015. Hupita katika jiko lile lile bila kuonana. Mmoja anapofunga mlango mwingine anaufungua. Jioni ya mgeni wa Liberia anayeogopa kutoka nje na jioni ya Harry aliyepoteza kazi hukutana juu ya meza moja, na hakuna anayehitaji kueleza kwa hotuba kwamba hofu zao ni za ukoo mmoja.

Nyimbo nyingi za mchezo huu zilikuwapo kabla yake, katika santuri za Hawley. Kwa kanuni iliyotajwa juu, hilo ni kasoro: nyimbo hizo hazisukumi hadithi mbele, na mara kadhaa husimama kama wageni waliofika kabla ya chakula kuiva. Walakini katika mchezo wa nyumba, ambamo zama tatu huishi pamoja, wimbo unaosimamisha wakati una kazi yake. Watu wa zama zote huimba kwa sauti moja jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angeweza kulijua lote.

Katika daraja mojawapo la Park Hill mwanamume mmoja aliandika kwa rangi, mwaka 2001, akimtaja mwanamke kwa jina, akimwambia kuwa anampenda na kumwomba waoane. Wakarabati wa jengo waliyageuza maneno yale kuwa taa za kung'aa, yakawa alama ya kuuzia nyumba. Walakini jina la mwanamke waliliacha. Naye alikuwa amekwisha kufa, wala ndoa haikuwapo. Kuna kuficha jina kwa staha, na kuna kulificha kwa biashara. Taa hizo huonekana pia katika jukwaa la mchezo, juu ya vichwa vya waimbaji, na ajuaye habari zake hawezi kuzitazama kama pambo. Mapenzi yamebaki, mwenyewe ameondolewa.

Hapa wapinzani wana hoja, nayo ni nzito. Husema kwamba wimbo hulainisha. Msiba ukitiwa sauti tamu huwa kitu cha kununuliwa, na mtazamaji hurudi kwake akidhani amelipa deni kwa kulia kidogo gizani, ilhali alilolipa ni bei ya tikiti, nayo katika majumba ya London si ndogo. Mpangaji wa Park Hill wa miaka ya 1980 asingaliweza kuinunua. Hoja hii haikanushwi kwa kupuuzwa.

Mchezo uliowahi kulikabili swali hili kwa ukali zaidi ni London Road wa Alecky Blythe na Adam Cork, uliochezwa katika jumba la Taifa mwaka 2011. Mwishoni mwa mwaka 2006 wanawake watano waliokuwa wakijiuza waliuawa karibu na mji wa Ipswich, na muuaji alikuwa amepanga katika barabara hiyo. Blythe alirekodi maneno ya majirani, na Cork akayatia muziki jinsi yalivyosemwa, kwa vigugumizi, marudio na sentensi zilizokatika. Majirani huimba hofu yao, kisha bustani zao walizozipanda maua ili mtaa upate jina jema. Ni watu wa kupendeza. Katikati ya wema huo mmoja wao hukiri kwamba angependa kumpa mkono muuaji kwa kuwaondolea wanawake wale. Wanawake wenyewe waliokufa hawaimbi. Mtaa umepona, na maua yamechanua juu ya kimya chao. Watungaji hawakuuficha ubaya huo kwa tuni ya kubembeleza. Waliuacha utoke katika kinywa kile kile kilichosifu maua. Mchezo huo unathibitisha kwamba wimbo waweza kufichua kama uwezavyo kulainisha, na kwamba kimya nacho ni sehemu ya muziki.

Iko michezo mingine mipya inayopendwa kwa haki. The Curious Case of Benjamin Button wa Jethro Compton na Darren Clark, uliopata tuzo ya Olivier mwaka 2025, umeitoa hadithi ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald Baltimore ukaipeleka Cornwall, kwa waigizaji wanaopiga ala zao wenyewe. Two Strangers wa Jim Barne na Kit Buchan una watu wawili tu na keki moja ya arusi. Michezo hiyo huburudisha na kusafisha moyo. Ile mitatu huongeza jambo jingine: humtoa mtazamaji akiwa na jina ambalo hakuwa nalo alipoingia.

Basi mizani ya mchezo wa namna hii isiwe ukubwa wa taa wala wingi wa machozi. Kwanza iulizwe ni nani anayeimba, kisha ni nani aliyenyimwa kuimba, na mwisho kama mchezo wenyewe unajua kwamba alinyimwa. Mchezo usiojua hujilisha kwa wafu. Mchezo unaojua huwatumikia, ingawa hauwezi kuwarudishia walichonyang'anywa. Malkia hawatafufuka, mwana wa Wales hatapata kitanda, na mwanamke wa darajani hatajibu. Kilichosalia kwa walio hai ni kulitamka jina sawasawa, kwa tahajia yake, na kulipokeza kwa wengine.

Pumzi ni mali ndogo kupita zote, na kila aliye hai anayo. Akiitumia kwa ajili ya asiye nayo tena, ameanza kulipa.